Mfuasi na Mwanachama: Simu, Ligi Kuu na Klabu Mbili za Kariakoo



Habari ya Ligi Kuu siku hizi inamkuta shabiki kwenye simu kabla haijamkuta redioni, gazetini au kijiweni. Usajili, ratiba, jezi mpya, adhabu ya Bodi ya Ligi, kuumia kwa mshambuliaji, vyote vinapita kwenye simu ile ile anayoitumia kumpelekea mama yake fedha ya matumizi. Nimeombwa nieleze ligi na klabu zinavyoitumia njia hiyo kumfikia shabiki. Nitaeleza, lakini nina ugomvi wangu pia, na nauweka mezani mapema ili mnibane nao. Klabu zetu zimejua sana kumtafuta shabiki. Hazijajua, au hazijataka, kumpa shabiki huyo njia ya kujibu. Zina wafuasi kwa mamilioni, huku mwanachama akizidi kuwa mtazamaji tu wa klabu iliyoanzishwa na babu zake.

Tuanze na mahali tulipo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata likaanzishwa kundi la pili, ambalo baada ya kupitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland lilichukua jina la Simba mwaka 1971. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi. Ya Yanga yako kwenye kona ya Twiga na Jangwani. Kati ya jengo moja na jingine ni mwendo mfupi wa miguu, na unapita katikati ya maduka ya vitenge, wauza simu, wachukuzi wa mizigo na machinga waliopanga bidhaa chini. Kwingineko duniani mahasimu wa soka wametenganishwa na mto, dini au tabaka. Wetu wametenganishwa na mitaa michache ya soko. Asubuhi wanauziana bidhaa, mchana wanataniana, jioni wanapanda daladala moja. Ndiyo maana mechi yao tunaiita Dabi ya Kariakoo hata ikichezwa Temeke kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na hata mwenye kuifuatilia akiwa Kigoma au Muscat.

Zamani habari ya klabu ilikuwa na mahali pa kukaa. Ilikaa kwenye baraza la klabu, ambako wazee walijua nani anasajiliwa kabla kocha hajajua. Ilikaa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, ambao waliweza kumwonyesha mpira mtu aliyekuwa gizani Tunduru. Baadaye ikakaa kwenye meza ya magazeti, Mwanaspoti, Dimba, Bingwa na Championi yakiwa yamebanwa kwa vibanio, na watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari bila kununua na kubishana hapo hapo. Aliyetaka habari alisogea. Jambo ninalotaka tulishike ni kwamba alipokwisha kusogea, na yeye alisikika. Barazani kiongozi wa klabu alikuwa na jina na uso, na mwanachama mwenye kadi alimuuliza fedha za mechi ya Jumamosi zimekwenda wapi. Wakati mwingine alijibiwa kwa matusi, lakini alijibiwa.

Mageuzi makubwa yalikuja na televisheni. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa mwaka 2013 ikiwa imenunua haki za Ligi Kuu. Yanga walikuwa wakali kuupinga mkataba ule wa kwanza. Pamoja na mengine, walihoji iweje kampuni iliyo nyumba moja na klabu ya Azam FC ndiyo imiliki picha za ligi nzima. Swali lilikuwa la haki, na bado ni la haki. Lakini fedha ziliingia, kamera zikafika Mbeya, Bukoba na Shinyanga, na Mei 2021 shirikisho la soka nchini, TFF, likasaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa ligi iliyowahi kuona timu zikikwama njiani kwa kukosa nauli, fedha hiyo ilibadilisha mambo mengi.

Msidhani, hata hivyo, kwamba picha ilikwenda moja kwa moja kutoka kwenye mtambo hadi kwenye simu ya shabiki. Kisimbuzi kinalipiwa kila mwezi. Mechi ya dakika 90 kwenye programu ya AzamTV Max inakula bando. Kijana anayesukuma toroli Mtaa wa Kongo anajua bei ya bando kuliko anavyojua msimamo wa ligi. Kwa hiyo mechi yenyewe ataitazama kwenye kibanda umiza, amebanana na wenzake kwenye benchi, na simu ataiachia vitu vyepesi: bango la kikosi, sauti ya msemaji ya nusu dakika, klipu ya bao iliyokwisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi picha imechakaa. Watu wa habari wa klabu zetu walilielewa hilo mapema, pengine kuliko wataalamu wa ligi kubwa za Ulaya wanaobuni vitu kwa ajili ya mtu mwenye intaneti isiyokatika. Wakajifunza kutengeneza kitu chepesi kinachobeba hisia nzito.

Hapo ndipo ilipo kazi ninayoiheshimu kuliko zote: hamasa. Wiki ya mechi kubwa msemaji hakai ofisini. Anapanda gari lenye spika na ngoma, anazunguka Kariakoo, Manzese, Buguruni, Mbagala. Anashuka sokoni, anashika mkono wa mama anayeuza nyanya, anamtania muuza mitumba wa upande wa pili, na muuza mitumba anajibu. Pembeni yake wapo vijana wenye kamera. Jioni vipande hivyo viko Instagram na TikTok, na Mtanzania aliyeko Mwanza au Minneapolis anaiona Kariakoo ikichemka, naye anachemka. Mtu akikwambia mitandao imeua mtaa, mwambie aje wiki ya dabi. Bila mtaa vijana wa kamera wasingekuwa na cha kurekodi. Kaulimbiu kama "Kwa Mkapa hatoki mtu" isingekuwa na uzito kama isingetamkwa na watu wanaotokwa jasho. Ilibebwa na matokeo pia, kama pale Februari 2021 Luis Miquissone wa Simba alipowafunga Al Ahly ya Misri bao pekee la mechi. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009 na ambayo kwa miaka mingi ilifanyika tarehe 8 Agosti, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga iliyoanza mwaka 2019, zinaujaza uwanja siku ambayo hakuna hata pointi moja ya kugombea.

Wasemaji wenyewe wamekuwa watu wa kujulikana kuliko baadhi ya wachezaji. Tuliwaona Jerry Muro wa Yanga na Haji Manara wa Simba wakishindana kwa maneno. Tukamwona Manara huyo huyo akihamia Yanga mwaka 2021, na mji ukasimama kwa mshangao. Mwaka 2022 Simba wakamchukua Ahmed Ally kutoka Azam TV, na Yanga wakamweka Ally Kamwe. Nawasifu kwa jambo moja ambalo halisemwi sana. Wameijenga kazi hii kwa Kiswahili chetu cha mjini, kwa methali, vijembe na mipasho iliyotoka kwenye taarabu na vibarazani, bila kuazima mtindo wa mtu. Shirikisho nalo halikukaa kimya: Muro alifungiwa mwaka mmoja mwaka 2016, Manara miaka miwili mwaka 2022 pamoja na faini ya shilingi milioni 20. Utani una mpaka, na mpaka lazima ulindwe. Lakini kwa wingi wake kazi ya wasemaji ni ya upande mmoja. Msemaji anasema. Chini ya video watu wanaandika maelfu ya maneno, na hakuna kikao cha klabu kinachoyasoma kama hoja.

Kuhusu biashara sitakawia, kwa kuwa mnaiona kwa macho yenu. Klabu zimezoea kutambulisha wachezaji usiku wa manane, na mchezaji anayeachwa anaagwa kwa bango la mtandaoni, hadi mtaani watu wanasema fulani kapewa Thank You. Julai 2024 kiungo Clatous Chama alipovuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, Kariakoo haikuhitaji gazeti. Jezi ndiyo inayogeuza posti kuwa shilingi. Simba walitoa zabuni ya jezi kwa kampuni ya Vunja Bei mwaka 2021 na baadaye kwa Sandaland. Yanga wanazo kupitia mdhamini wao GSM, na mbunifu Sheria Ngowi amezibuni kwa misimu kadhaa. Picha ya jezi ikiruka hewani usiku, asubuhi foleni iko dukani, na baada ya siku chache jezi feki ziko chini kwenye turubai. Wauzaji wa Kariakoo ndio wanaoumia na ndio wanaofaidika, mara nyingi mtu yule yule.

Kuna biashara nyingine isiyonifurahisha. Kampuni za kubashiri zimekuwa kwenye vifua vya klabu zote mbili tangu SportPesa ilipozidhamini pamoja mwaka 2017. Ukurasa unaompa mtoto wa darasa la saba picha ya mchezaji anayempenda ndio huo huo unaomfundisha kuandaa mkeka wa kubashiri. Redio na televisheni zina saa za watoto kulala. Simu haina.

Sasa nije kwenye ligi yenyewe, maana hadi hapa nimezungumzia klabu mbili tu, na nyinyi hamkushangaa. Hilo lenyewe ni tatizo. Ligi Kuu ina timu 16. Mashujaa ya Kigoma ikicheza na Tanzania Prisons, mechi inaonyeshwa, fedha za televisheni zinagawiwa, lakini kwenye simu mechi hiyo ni kama haikuchezwa. Klabu za mikoani nyingi hazina mtu wa kukaa na kamera wiki nzima, wala mwenye muda wa kumfuata beki wao nyumbani kwao aeleze alivyofika hapo. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022, lakini waulizeni vijana wa hapa wawatajie wachezaji watano wa kikosi kile. Bodi ya Ligi imeridhika kutangaza ratiba, matokeo na adhabu. Mengine imewaachia mwenye haki za televisheni na watoto wawili wakubwa wa Kariakoo.

Wamarekani walikutana na tatizo hili la timu kubwa na ndogo kwenye besiboli mwaka 2000. New York Yankees wangeweza kujenga nyumba yao ya mtandaoni na kuwaacha wengine gizani. Badala yake wamiliki wa timu zote 30 walikubaliana kila timu ichangie hadi dola milioni 1 kwa mwaka kwa miaka minne, waanzishe kampuni moja ya mitandao, na kila timu iwe na hisa sawa, kubwa na ndogo. Agosti 2002 kampuni hiyo ikaonyesha mechi yake ya kwanza kwa njia ya intaneti. Mwaka 2016 Disney ikalipa dola bilioni 1 kwa theluthi moja tu ya kampuni ya teknolojia iliyozaliwa humo, na timu ndogo ikapata mgawo uleule wa Yankees. Sisemi tuna dola hizo. Nasema waliamua kwanza kwamba shabiki ni wa ligi nzima, ndipo wakatafuta mitambo. Sisi tumepata mitambo kabla ya kuamua.

Kutegemea mlango mmoja kuna hatari nyingine. Kenya waliiona mwaka 2017, SuperSport ilipojitoa kwenye Ligi Kuu yao na picha zikatoweka. Na akaunti ya klabu kwenye mtandao wa mtu mwingine ni chumba cha kupanga: umepaka rangi, umeweka pazia, lakini ufunguo wa pili anao mwenye nyumba. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa nchini, wiki ile ile Simba wakijiandaa kwa mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco pale Zanzibar, waliokuwa wamezoea kuzungumza na mashabiki huko walibaki nje kama mpangaji yeyote.

Lakini siku iliyonionyesha upungufu wetu waziwazi ni tarehe 8 Machi 2025. Mnaikumbuka. Usiku wa kuamkia dabi, Simba walitoa taarifa kwamba walizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Mkapa na hivyo hawatacheza. Barua ikaruka simu hadi simu. Kesho yake, siku yenyewe ya mechi, Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha. Yanga wakaenda uwanjani kama ilivyopangwa na wakasema hawatambui tarehe nyingine. Kuna mashabiki waliotoka mikoani, wamelala kwenye basi, wamevaa jezi, wanasoma barua tatu zenye nembo tatu kwenye simu moja. Kila barua ilianza na "Taarifa kwa Umma". Umma huo haukuwa na pa kuuliza: tiketi yangu inakuwaje, kanuni gani imetumika, nani ameamua, kikao kimekaa saa ngapi? Ilichukua hadi tarehe 25 Juni mechi ichezwe, Yanga wakashinda 2-0. Kwa miezi ile mitatu na zaidi ligi yenye mkataba wa mabilioni, kamera kila uwanja na wafuasi wasiohesabika haikuweza kukaa mbele ya watu wake ikajibu maswali kwa saa moja. Taarifa zilifika kwa kasi ya ajabu. Maelezo ndiyo hayakufika, na pengo likajazwa na sauti za kughushi, barua zisizo na mwenyewe na watu wanaojua kila kitu wakiwa chumbani kwao.

Mtaniambia ndugu, shabiki anataka mabao, hataki mikutano. Sikubali, na ushahidi wangu ni Yanga wenyewe. Baada ya mwenyekiti wao Yusuf Manji kujiuzulu mwaka 2017 klabu ilikauka. Mishahara ilichelewa, wachezaji waligoma. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani aliyekuja akakuta kabati tupu, alisimama mbele ya kampeni ya kuichangia klabu. Watu wakatuma fedha kwa simu. Hawakutuma matajiri tu. Alituma bodaboda, mama lishe, mwalimu wa Namtumbo. Timu iliyokuwa ikisafiri kwa shida ilimaliza msimu wa 2018/19 katika nafasi ya pili. Kwangu hiyo ndiyo siku simu ilipotumika vizuri kuliko zote katika historia ya soka letu, kwa kuwa kitu kilitoka kwa shabiki kikaenda kwenye klabu, na klabu ikakihitaji.

Tazameni yaliyofuata. Simba walikuwa wamekwisha kupitisha mfumo wa hisa, wanachama asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49, mfanyabiashara Mohammed Dewji akishinda zabuni Desemba 2017 kwa shilingi bilioni 20. Yanga walikwenda kutafuta ushauri La Liga ya Hispania mwaka 2020, na wanachama wao wakapitisha mabadiliko kama hayo Juni 2021. Usajili wa wanachama ukaingia kwenye mtandao, matawi yakahesabika, programu za simu zikazinduliwa. Yote mazuri. Lakini asilimia 51 ni umiliki, na mwenye mali huuliza. Programu ikiweza kupokea ada yangu, iweze kunipa hesabu za mwaka zilizokaguliwa. Ikiweza kunitumia picha ya mchezaji mpya saa sita usiku, iweze kunitumia ajenda ya mkutano mkuu wiki mbili kabla. Ikichukua namba yangu ya kitambulisho na ya simu, inieleze nani mwingine anaziona, maana tangu mwaka 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jina la shabiki halipaswi kuishia mezani kwa kampuni ya kubashiri.

Wala asije mtu akasema wengi hawana simu kubwa. Mwenye kitochi anabonyeza nyota 150 nyota 00 reli, anafuata menyu, analipa umeme, anatuma ada ya shule, na waliomwitikia Zahera wengi walipitia menyu za namna hiyo hiyo. Menyu inayoweza kupokea mchango wa shilingi elfu moja inaweza kupokea swali la mwanachama wa Namtumbo na kura yake. Klabu zote mbili zina watu wenye ujuzi huo, na Bodi ya Ligi ina muda kabla msimu ujao haujaanza. Nimewataja viongozi, na najua baadhi yao wamo ukumbini. Kipaza sauti kipo pale katikati. Naomba tuanze na maswali ya waliokaa nyuma, kisha viongozi wajibu.